Viza ya mke au mume wa kwenda Marekani: hatua kwa hatua, kuanzia fomu ya kwanza hadi dirisha la mahojiano

Mtu anayejiandaa kwa viza ya ndoa kwa kawaida huanza na swali la mwisho: ubalozini wataniuliza nini? Jibu lake ni fupi. Watakuuliza yaliyomo kwenye faili lako. Afisa aliye nyuma ya kioo hakujui. Anachokijua ni karatasi ambazo wewe na mwenzako mlizituma miezi mingi nyuma, na kazi yake siku hiyo ni kuangalia kama aliyesimama mbele yake ndiye yule wa kwenye karatasi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu faili.

Ili tusichanganyane, aliyeko Marekani nitamwita mdhamini, na anayesubiri kwenda nitamwita mwombaji.

Kabla ya fomu yoyote: ndoa yenu inahesabika?

Marekani huitambua ndoa iliyo halali kisheria pale ilipofungwa. Kama sheria ya mahali hapo inataka ndoa ya kimila au ya kidini isajiliwe serikalini, isajilini kwanza na mpate cheti. Picha za sherehe na barua ya kiongozi wa dini haziwezi kushika nafasi ya cheti hicho.

Yapo mambo matatu yanayowakwamisha watu hapa, na mara nyingi hugundulika fedha zikiwa zimeshalipwa.

La kwanza ni ndoa iliyofungwa mmoja akiwa hayupo, kwa wakili au kwa simu ya video. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiihesabu ndoa ya namna hiyo mpaka wawili hao wakutane baada ya kufungwa kwake na kuitimiza kama mke na mume. Kukutana kabla ya harusi hakusaidii. Kwa hiyo mdhamini asafiri baada ya tarehe ya ndoa, na atunze ushahidi wa safari hiyo: mihuri ya pasipoti, tiketi, risiti za mahali mlipofikia.

La pili ni mitala. Mume mwenye wake wawili anaweza kumwombea mke wa kwanza tu, kwa kuwa ndoa ya pili haitambuliki hata kama ni halali nyumbani. Na mwombaji anayekwenda Marekani kwa nia ya kuishi katika ndoa ya mitala hunyimwa viza kwa kosa hilo peke yake.

La tatu ni talaka za zamani. Kila ndoa iliyotangulia, ya mdhamini na ya mwombaji, lazima iwe na karatasi ya mwisho wake: hati ya talaka inayotambuliwa kisheria au cheti cha kifo. Linganisheni tarehe. Kama talaka ilikamilika kisheria siku moja tu baada ya harusi mpya, harusi hiyo mpya ni batili mbele ya idara ya uhamiaji na itabidi ifungwe upya. Afadhali kuoana tena kuliko kulitetea faili lililooza kwenye mzizi.

Ni viza ipi hasa?

Mwenzi wa raia wa Marekani hupata IR1 ikiwa ndoa imefikisha miaka 2 siku anapoingia nchini, au CR1 ikiwa haijafikisha. Maombi ni yale yale; tofauti huonekana mwishoni, kwenye kadi ya ukaaji. Kundi hili halina ukomo wa idadi ya viza kwa mwaka, hivyo hakuna foleni ya nafasi, kuna foleni ya kazi za ofisini tu.

Mdhamini asiye raia bali mwenye grinkadi, yaani kadi ya ukaaji wa kudumu, humwombea mwenzi wake katika kundi la F2A, ambalo lina ukomo wa idadi. Huyo atafuatilia taarifa ya viza inayotolewa kila mwezi na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, akisubiri tarehe yake ifikiwe. Akipata uraia katikati ya safari, faili linahamia kundi la kwanza.

Ambao bado hawajaoana wana njia ya K-1, ya wachumba: lazima wawe wamekutana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya kuomba, na wafunge ndoa ndani ya siku 90 baada ya kuingia Marekani. Njia hiyo ina fomu nyingine kabisa, I-129F, na sitaigusa zaidi.

Jambo moja la kuangalia kabla hamjalipa senti: matangazo ya rais. Juni 2025 Marekani ilitangaza vizuizi vya kuingia kwa raia wa nchi kadhaa, Somalia na Burundi zikiwamo, na baadaye orodha ikaongezwa. Soma tovuti ya ubalozi unaokuhusu uone pasipoti yako imesimama wapi leo.

Hatua ya 1: Fomu I-130

Hii huwasilishwa na mdhamini kwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani. Kwa ada zilizoanza Aprili 2024, ni dola 625 kwa njia ya mtandao na dola 675 kwa karatasi. Huambatana na fomu I-130A yenye maelezo ya mwombaji, uthibitisho wa uraia au ukaaji wa mdhamini, cheti cha ndoa, hati za talaka zilizotangulia, picha za pasipoti za wote wawili, na ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Karatasi yoyote isiyo ya Kiingereza iende na tafsiri kamili, pamoja na tamko la mfasiri lililosainiwa kwamba anazimudu lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi.

Ushahidi wa ndoa ndipo watu hukosea kipimo. Hutuma picha 200 za siku ya harusi na hakuna kingine. Harusi ni siku moja, na mtu yeyote anaweza kukodi ukumbi. Kinachoshawishi ni mambo yaliyotapakaa katika muda mrefu: risiti za kutumiana fedha mwezi baada ya mwezi, tiketi za safari za kutembeleana, akaunti ya benki ya pamoja, bima au pensheni iliyomtaja mwenzi kuwa mrithi, mkataba wa nyumba wenye majina mawili, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha mkiwa na wazazi wa pande zote mbili katika nyakati tofauti. Mazungumzo ya simu yanasaidia, ila chagueni kurasa chache kutoka kila kipindi. Hakuna afisa atakayesoma kurasa 600 za “umelala?” na “nimekumiss.”

Kila picha iandikiwe chini: tarehe, mahali, waliomo. Ni kazi ndogo, na inamwondolea msomaji kubahatisha.

Hapa pia ndipo faili huanza kujipinga lenyewe. I-130 inauliza makazi na kazi za miaka 5 iliyopita. Baadaye DS-260, fomu ya ombi la viza lenyewe, itauliza mahali ulipoishi tangu ulipofikisha miaka 16, kazi za miaka 10, na majina ya akaunti zako za mitandao ya kijamii za miaka 5. Mdhamini akijaza moja kwa kukisia na mwombaji akajaza nyingine kwa kumbukumbu, tarehe zitagongana. Kaeni pamoja, hata kwa simu, mwandike orodha moja ya tarehe zote: mlipojuana, mlipokutana, posa, ndoa, safari, makazi, ajira. Fomu zote zichote humo. Tunzeni nakala ya kila mlichotuma, kwa sababu mtaisoma tena siku chache kabla ya mahojiano.

Na yapo maombi ya zamani. Kama mwombaji aliwahi kuomba viza ya matembezi akaandika kwamba hana mume huku ameshaolewa, ubalozi unayo kumbukumbu hiyo. Kudanganya kwenye jambo la msingi ili kupata viza kunaweza kumfungia mtu mlango maisha yake yote, asipopata msamaha maalumu kupitia fomu I-601. Mwenye historia ya namna hii, au aliyewahi kupitiliza muda wa kukaa Marekani kwa siku zaidi ya 180 na kisha akaondoka, amwone mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni kabla ya kutuma chochote. Simaanishi wakala wa mtaani anayejaza fomu kwa malipo. Huyo hayupo siku ya mahojiano, na saini iliyo chini ya fomu ni yako.

Neno juu ya watoto. Raia wa Marekani anayemwombea mwenzi hawezi kuwabeba watoto ndani ya ombi hilo hilo. Kila mtoto anahitaji I-130 yake. Mtoto wa kambo anahesabika ikiwa ndoa ilifungwa kabla hajafikisha miaka 18, naye aombewe akiwa chini ya miaka 21 na hajaoa wala kuolewa. Chini ya F2A mambo ni tofauti: mtoto anaweza kufuata faili la mzazi wake. Wapo waliofika mahojiano ndipo wakajua mtoto hana faili.

Hatua ya 2: Kituo cha Taifa cha Viza

USCIS wakikubali, faili linahamia Kituo cha Taifa cha Viza, NVC. Mtapewa namba ya kesi na namba ya ankara za kuingilia kwenye tovuti yao. Mnalipa dola 325 za ombi la viza na dola 120 za kukagua udhamini, kisha mwombaji anajaza DS-260 na kupakia nyaraka.

Nyaraka za kiraia ni cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, talaka au vifo, kumbukumbu za mahakama au jeshi kama zipo, na cheti cha polisi. Hiki cha mwisho huhitajika kwa kila mwenye miaka 16 na zaidi: kutoka nchi ya uraia wake na nchi anayoishi ikiwa amekaa huko zaidi ya miezi 6, na kutoka nchi nyingine yoyote aliyokaa miezi 12 au zaidi. Aliyefanya kazi nchi ya mbali miaka kadhaa aanze kukitafuta mapema, maana hicho ndicho huchelewa kuliko vyote. Tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina ukurasa wa kila nchi unaoeleza cheti gani kinakubalika na kinatolewa na ofisi ipi. Usome kabla ya kupanga foleni popote.

Msikae kimya mwaka mzima bila kuwasiliana na NVC baada ya kupewa taarifa. Usajili wa ombi unaweza kufutwa.

Hatua ya 3: Udhamini wa fedha, I-864

Hapa mdhamini anaahidi kisheria kwamba mwombaji hatakuwa mzigo kwa serikali. Kipato chake kifikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani kwa idadi ya watu wa kaya yake, mwombaji akihesabiwa. Kwa mwaka 2025, kaya ya watu 2 katika majimbo mengi ilihitaji dola 26,437 kwa mwaka. Mwanajeshi aliye kazini anayemwombea mwenzi anatakiwa kufikisha asilimia 100 tu. Viwango hubadilika kila mwaka, hivyo angalieni jedwali la fomu I-864P.

Kipato kisipotosha zipo njia mbili. Moja ni mali: mdhamini raia anayemwombea mwenzi anahitaji mali yenye thamani ya mara 3 ya pengo lililobaki. Nyingine ni mdhamini mwenza, raia au mwenye grinkadi anayeishi Marekani, ambaye naye anajaza I-864 yake. Si lazima awe ndugu. Lakini aelezwe ukweli wa anachosaini: ahadi hiyo haifutwi na talaka. Inaendelea mpaka mwombaji awe raia, atimize robo-mwaka 40 za kazi (kama miaka 10), aondoke Marekani moja kwa moja, au afariki. Kumwombea mtu saini hii kama unavyomwomba akushikie mzigo stendi si uungwana.

Ambatanisheni taarifa ya kodi ya mwaka wa karibuni kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na uthibitisho wa ajira. Mdhamini anayeishi nje ya Marekani aonyeshe pia kwamba makazi yake ya kudumu yako Marekani au anayarudisha huko: ofa ya kazi, mkataba wa nyumba, shule ya watoto.

NVC wakiridhika watawaandikia kwamba nyaraka zimekamilika. Kuanzia hapo mnasubiri tarehe ya ubalozi, na hakuna cha kufanya ila kusubiri.

Hatua ya 4: Vipimo vya afya

Vipimo hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi tu. Cha hospitali nyingine, hata iwe bora kiasi gani, hakipokelewi. Mwombaji mtu mzima hupigwa eksirei ya kifua kuangalia kifua kikuu, hupimwa damu na mkojo, na kadi yake ya chanjo hukaguliwa. Beba kadi hiyo kama unayo ili usichomwe upya chanjo ulizokwisha kupata.

VVU si kizuizi. Marekani iliondoa sharti hilo Januari 2010, na bado wapo wanaoogopa kwenda kupima kwa sababu ya habari za zamani. Kifua kikuu kinachoambukiza husimamisha safari mpaka kitibiwe, na matibabu huchukua miezi, kwa hiyo mwenye kikohozi kisichoisha asingojee barua ya ubalozi. Dawa unazotumia na magonjwa uliyougua yataje. Ukipewa bahasha iliyofungwa, usiifungue.

Hatua ya 5: Mahojiano

Siku chache kabla, soma faili lako lote. Si kukariri, ni kujikumbusha ulichosema. Kisha panga nyaraka halisi kwa utaratibu ambao mkono wako unaweza kuutoa bila kutafuta: pasipoti yenye uhai wa angalau miezi 6 mbele, barua ya miadi, ukurasa wa uthibitisho wa DS-260, picha 2 za inchi 2 kwa 2 zenye mandhari nyeupe na bila miwani, vyeti vyote halisi pamoja na tafsiri, udhamini uliosasishwa, na ushahidi wa ndoa wa miezi iliyopita tangu mtume I-130. Huu wa mwisho husahaulika sana. Kama faili linaonyesha mapenzi yaliyoishia siku fomu ilipotumwa, afisa atataka kujua kilichofuata.

Hati ya kiwanja, kadi ya gari na barua ya mwajiri ya kuonyesha kwamba utarudi nyumbani, ziache. Hizo ni za viza ya matembezi, ambako mtu anatakiwa athibitishe kwamba hahamii. Wewe unahamia, na sheria inaruhusu.

Simu na vifaa vya elektroniki kwa kawaida haviingii ndani. Utapita ukaguzi, utakabidhi karatasi kwenye dirisha, utachukuliwa alama za vidole, utakaa na kusubiri. Ukiitwa tena utanyoosha mkono wa kulia na kuapa kusema kweli. Kuanzia hapo mazungumzo yenyewe yanaweza kuwa mafupi kuliko ulivyosubiri kwenye benchi. Mdhamini kwa kawaida halazimiki kuwepo.

Mlijuanaje? Nani alianza kumtafuta mwenzake? Mara ya mwisho mmeonana lini? Harusini walikuwepo nani wa upande wake? Anafanya kazi gani, anaishi na nani? Aliwahi kuoa, na kwa nini waliachana? Ana watoto, wanaitwaje? Ukifika utaishi wapi?

Jibu ulichoulizwa, kwa ufupi wenye undani. “Mume wangu anafanya kazi hospitali” ni jibu la mtu yeyote. “Ni muuguzi msaidizi, ana zamu za usiku, ndiyo maana tunaongea akitoka kazini” ni jibu la mke. Usilolijua sema hulijui, kwani hakuna mke anayejua kila kitu cha mumewe. Usikisie tarehe. Kama lugha ya mahojiano inakupa shida, uliza mapema juu ya mkalimani. Ni bora kuliko kuitikia ndiyo kwa swali usilolielewa.

Yapo mazingira yanayoleta maswali zaidi: tofauti kubwa ya umri, uchumba wa wiki chache, dini tofauti, wazazi kutohudhuria harusi, mdhamini aliyeoa muda mfupi baada ya talaka, au aliyewahi kumwombea mwenzi mwingine. Hakuna lililo kosa kati ya hayo. Ila zungumzeni nyumbani kwa uwazi kabla, kwa sababu inasikitisha mke kusikia kwa mara ya kwanza dirishani kwamba mumewe aliwahi kuwaombea wawili kabla yake. Wala msitunge hadithi tamu. Ndoa za kweli zina mambo ya ajabu, na maafisa wameyasikia.

Ndoa ya kughushi ni habari nyingine. Ikithibitika kwamba mtu alifunga ndoa kwa ajili ya karatasi tu, hakuna ombi lingine la kifamilia au la kazi litakalokubaliwa kwa jina lake, hata akioa kwa dhati miaka mingi baadaye.

Majibu

Ukikubaliwa, wanabaki na pasipoti na kukuambia utakavyoipata. Usikate tiketi mpaka viza iwe mkononi.

Ukipewa karatasi iliyoandikwa 221(g), usilie bado. Maana yake kuna kilichopungua, ambacho karatasi itakitaja, au kesi imeingia kwenye uchunguzi wa ndani. Nyaraka zilizotakiwa zipelekwe ndani ya mwaka mmoja, kwa njia waliyoelekeza. Uchunguzi wa ndani hauna tarehe, na kuandika barua pepe kila siku hakuuharakishi.

Gumu zaidi ni afisa kutoiamini ndoa yenyewe. Yeye hana mamlaka ya kulifuta ombi lililokubaliwa, hivyo hulirudisha USCIS akipendekeza lifutwe. Mdhamini ataandikiwa sababu na kupewa nafasi ya kujibu. Jibu hilo liandikwe na mwanasheria.

Ukishapata viza

Mara nyingi ina uhai wa hadi miezi 6, ukitegemea pia vipimo vya afya. Lipa dola 235 za USCIS kwa mtandao kabla ya kusafiri ili kadi itengenezwe. Kagua majina na tarehe ya kuzaliwa kwenye viza siku ile ile unayoipokea. Muhuri wa kuingia juu yake hutumika kama uthibitisho wa ukaaji kwa mwaka mmoja wakati kadi inasubiriwa kwa posta. Ukihama nyumba, ijulishe USCIS ndani ya siku 10, maana kadi huenda kwenye anwani waliyonayo.

Aliyeingia kwa CR1 atapewa kadi ya masharti ya miaka 2. Ndani ya siku 90 kabla haijaisha, wote wawili wawasilishe fomu I-751 kuondoa masharti, wakiambatanisha ushahidi wa maisha yao ya pamoja ndani ya Marekani. Risiti za mwezi wa kwanza zinafaa kuanza kuwekwa kwenye faili hilo.